Bamvua la Jumamosi: kisa cha klabu ndogo ya Tudor na chama chake cha kanda

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukiwa umekwisha kukaza, vijiboti vitano vya watoto vilitoka ufuoni Tudor, Mombasa, saa moja na nusu asubuhi. Ilipofika saa mbili na robo, viwili vilikuwa vimepinduka, cha tatu kimevunjika mlingoti, na boti yetu ya uokoaji imezimika katikati ya mkondo, nayo inachukuliwa na maji kuelekea nguzo za Daraja la Nyali. Watoto walitolewa majini na wavuvi watatu waliokuwa wakiingia ndani ya hori, yaani mkono wa bahari, kwa mashua yao, upepo mgongoni, jarife lao la kuvulia limekunjwa shetrini. Hakuna aliyezama. Mtoto mmoja wa miaka kumi alichanika kiganja kwa kamba ya tanga.

Nahodha wa mashua ile alipotufikishia watoto hakupaza sauti. Alimshusha wa mwisho, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, bamvua hili mwatoa watoto wa watu?" Kisha akasukuma mashua akaenda zake. Bamvua ni zile siku ambazo maji ya bahari hujaa na kupwa sana kuliko kawaida.

Mimi nilikuwa katibu wa klabu. Swali lile sikuwa na jibu lake, na ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba ndani yake mlikuwa na uchambuzi mzima wa kisa hiki. Nakiandika kwa sababu vilabu vidogo vya mashua viko kando ya kila hori la pwani yetu, na kila mara vinapozungumzia chama cha kanda, kile kinachoviunganisha, mazungumzo huishia kwenye vikombe vya mashindano na ada ya mwaka. Kwetu chama kilifika mahali pengine kabisa, ingawa hakikuanza vizuri.

Klabu yenyewe ilikuwa na wanachama wasiozidi thelathini, na nusu yao ni watoto wasiolipa kitu. Mali yetu ilikuwa banda la makuti, Laser mbili za zamani (vyombo vya tanga vya mtu mmoja), vijiboti sita vya Optimist, na boti moja ya fiberi yenye injini ya nguvu za farasi 25. Asiyeijua Optimist aifikirie kama sanduku la mbao lenye tanga moja: urefu wake ni mita 2.3, uzito kilo 35, na imebuniwa kwa ajili ya mtoto mmoja. Ilichorwa Florida, Marekani, mwaka 1947, na hadi leo ndiyo shule ya kwanza ya tanga kwa watoto wengi duniani. Ni chombo chepesi na chenye heshima. Lakini kikikuta maji yanatoka kwenda baharini na upepo unaingia kutoka baharini, mawimbi husimama mafupi mafupi kama ngazi, na mtoto wa kilo 30 hana uzito wa kushindana nayo.

Tulichokilaumu kwanza ni injini. Tuliitoa, tukaiweka juu ya gogo, na fundi akaigundua hitilafu kwa dakika chache. Kwenye mpira wa mafuta, kati ya tangi na injini, kuna kile kijipampu cha mkono ambacho hubonywa kabla ya kuwasha. Chetu kilikuwa kimekauka kwa jua. Ukikikunja, ufa unaonekana mwembamba kama unywele, upande wa chini usiotazamwa na mtu. Injini ikizunguka polepole ilipata mafuta, ikitakiwa kukimbia ilivuta hewa. Kila Jumamosi tuliiwasha ufuoni, ikanguruma vizuri, tukaridhika. Hatukuwahi kuikimbiza kwa nguvu kabla ya watoto kutoka.

Kamati ilitaka kufunga jalada hapo. Kipande cha mpira kimekufa, kinunuliwe kipya, yaishe. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Siku ile mtu mmoja alikuwa mwalimu, mwendesha boti ya uokoaji na mshika saa. Vijiboti viwili vilipopinduka kwa pamoja, alikuwa akimfunza wa tatu namna ya kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupinda huku na huku. Alipogeuka, watoto walikuwa wameshachukuliwa mita mia na zaidi. Hata injini ingekuwa nzima, asingeweza kufika kote.

Tukaandikia chama cha kanda tukieleza yaliyotokea na kuomba msaada. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Lilikuwa na aya mbili: ya kwanza ilitupa pole, ya pili ilitukumbusha kwamba ada ya miaka miwili haijalipwa na kwamba uanachama wetu umesimamishwa mpaka deni liishe.

Nilikasirika, na hata sasa naona hasira ile ilikuwa ya haki. Klabu iliyotoka kuwanusuru watoto kwa bahati ndiyo inayohitaji kushikwa mkono siku ileile. Kuiondoa kwenye orodha maana yake ni kwamba Jumamosi ifuatayo itatoka vilevile, na safari hii hakuna anayeitazama. Lakini nimekuja kuifahamu pia hali ya walioandika. Chama kile hakikuwa na mfanyakazi hata mmoja wa mshahara. Katibu wake alikuwa mtu mwenye kazi yake mjini, akijibu barua usiku, na barua yetu aliisoma kama ombi la pesa kwa sababu barua zote anazopata ni maombi ya pesa. Na sisi kweli tuliomba pesa. Tuliomba injini mpya.

Lau tungepewa pesa zile, tungenunua injini na kutoka na maji yaleyale. Hilo ndilo ninalotaka mtu alishike katika kisa hiki.

Kijiti na vitambaa

Mwezi wa Agosti, mjumbe mmoja wa chama alikuja mwenyewe bila kutumwa. Alikuwa mama mtu mzima, mstaafu wa kazi za bandarini, na aliyempa habari zetu ni jamaa yake aliye na mtoto klabuni. Tulimwandalia kiti na chai, tukamfungulia daftari la wanachama na stakabadhi. Aliyaweka kando, akauliza, "Jedwali la maji mwaweka wapi?"

Hatukuwa nalo.

Akaomba mwanzi. Akauchimbia kwenye tope karibu na gati letu la mbao kabla ya saa moja asubuhi, siku ya bamvua, akafunga kitambaa pale maji yalipofika. Kila baada ya saa moja alimtuma mtoto akafunge kingine. Watoto walilichukulia kama mchezo, wakawa wanagombea zamu. Maji yalipoisha kupwa mwanzi ulisimama wazi na vitambaa vyake, na hesabu ikaonekana kwa macho. Vitambaa vya mwisho vilikuwa karibu karibu, na vile vya mwanzo, vya saa moja na saa mbili, vilikuwa mbalimbali sana.

Mabaharia wana kanuni yake. Kupwa au kujaa huchukua takriban saa sita, na maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Ukigawa kina chote mafungu 12, saa ya kwanza linatoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua bamvua la mita 3.6, ambalo kwa Mombasa si geni: katika saa mbili za katikati peke yake maji hushuka mita 1.8. Maji yote hayo ya hori la Tudor, yanayotoka mpaka kwenye mikoko ya ndani kabisa, lazima yapite pale panapobana chini ya daraja, yaambae Mji wa Kale na Fort Jesus, yaingie baharini.

Sasa tazama saa. Hapa kwetu maji ya bamvua hujaa alfajiri, mnamo saa kumi, na kupwa huisha mnamo saa nne asubuhi. Kwa hiyo saa moja na nusu, wakati wetu wa kutoka, ilikuwa ndani ya saa ya nne ya kupwa. Tulikuwa tumeuchagua kwa makini, pasipo kujua, wakati ule ambao mkondo una nguvu zake zote. Sababu yetu ilikuwa nzuri: jua halijawa kali na wazazi wanataka kuwahi sokoni.

Lililotuficha tatizo kwa miaka ni kwamba Jumamosi hazifanani. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katikati yake huja maji mafu, ambayo tofauti ya kujaa na kupwa haizidi sana mita moja. Siku za maji mafu, saa moja na nusu asubuhi maji yanajaa taratibu, na mtoto akipinduka husukumwa ndani ya hori. Hivyo Jumamosi moja ilikuwa shwari na inayofuata ilikuwa na mashaka, nasi tulisema ni upepo. Wavuvi hawakuhitaji jedwali lolote la kuchapishwa. Wao huhesabu kwa tarehe za mwezi mwandamo. Nusu ya watoto wetu walikuwa wa madrasa na tarehe hizo walikuwa nazo kichwani. Hatukuwauliza.

Yule mama alituachia jambo moja la kufanya kabla ya jingine lolote: tupange ratiba ya miezi mitatu kwa maji badala ya saa. Siku za bamvua, mazoezi yakahamia saa nane mchana, maji yakijaa mpaka saa kumi. Palikuwa na ubishi, na ulikuwa wa maana. Kusi la mchana lina nguvu kuliko la asubuhi, mzazi mmoja alisema tunawatoa watoto kwenye maji mabaya tukawatie kwenye upepo mbaya. Jibu ni kwamba maji yakijaa yanakwenda njia moja na kusi, kwa hiyo mawimbi hulala, na chombo kikishindwa kinapelekwa ndani, kwenye mikoko na tope, hakipelekwi kwenye nguzo za daraja wala baharini. Upepo ukizidi, tanga hupunguzwa au mtoto hubaki nchi kavu. Tuliwawekea muda wa kurudi kabla ya sala ya alasiri. Na kwa kuwa asubuhi imebaki huru, watoto wawili watatu waliokuwa wakikosa kwa ajili ya madrasa ya Jumamosi wakaanza kuonekana.

Kazi ambayo klabu moja haiiwezi

Baada ya ziara ile yule mama alirudi kwenye kamati ya chama akiwa na ombi tofauti na letu. Hakuomba injini. Aliomba boti ya mpira ya uokoaji iliyokuwa imelala bila kazi kwenye klabu moja ya kaskazini mwa kisiwa ikopeshwe Tudor kwa miezi sita, na watu wetu wafunzwe kuiendesha. Deni la ada tulilipe kwa kazi: miongoni mwetu kulikuwa na fundi wa matanga, na matanga yaliyochanika ya vilabu vinne yakaletwa bandani kwetu, yakashonwa. Uanachama ukarudishwa. Sioni sababu kwa nini hili lisiwe utaratibu wa kawaida kila mahali. Klabu maskini mara nyingi ina mikono kuliko ina fedha, na chama kinachopokea fedha tu kinavikosesha vilabu vyake mikono hiyo.

Mafunzo yalikuwa ya siku mbili, Mtwapa. Walikwenda wanachama wetu wawili na, kwa shauri la yule mama, wavuvi wawili wa mashua iliyotuokoa. Walijifunza kumkaribia aliye majini upande ambao injini haimgusi, kuvaa kamba inayozima injini dereva akianguka, kuita kwa redio ya vyombo vya majini, VHF, kwenye chaneli 16 ya dharura, na kuinua kijiboti kilichopinduka bila kuvunja mlingoti. Wavuvi nao waliwafunza wengine jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba: namna ya kufika kwa chombo kwa tanga, bila injini kabisa, kwa kujiweka joshini, upande unakotoka upepo, na kuyaacha maji yakushushe mpaka kwa mtu. Niliwatazama wakirudia mara nne. Ile mashua haikukosea hata mara moja.

Kisha ikaja kalenda. Kabla ya hapo kila klabu ilitangaza mashindano yake ilivyotaka, na mara nyingi mbili zilichagua Jumapili moja. Chama kilipozikusanya tarehe zote kwenye karatasi moja, zikitenganishwa, boti za uokoaji za klabu moja zikaweza kwenda kusaidia nyingine. Huo ni msaada usiogharimu chochote isipokuwa petroli na mtu wa kupiga simu. Naungojea bado mkutano ambao kazi hii itapewa heshima inayopewa kikombe.

Hali kadhalika kwa karatasi za serikali. Sheria ya Michezo ya Kenya ya 2013 inataka vyama na vilabu vya michezo viandikishwe kwa Msajili wa Michezo, na vyombo vidogo vya majini vina ukaguzi na leseni chini ya mamlaka ya safari za baharini, KMA (Kenya Maritime Authority). Kwa klabu ya watu thelathini, kila fomu ni siku ya kazi ya mtu aliyejitolea. Chama kilichukua nakala za vilabu vyote, kikazipanga kwa mtindo mmoja na kuziwasilisha pamoja. Mimi niliyekuwa nikizijaza peke yangu usiku najua uzito ulioondoka.

Mambo haya si mageni katika historia ya mchezo wenyewe. Uingereza, chama cha kitaifa, ambacho leo ni Royal Yachting Association, kilianza mwaka 1875 kwa sababu kila klabu ilikuwa na sheria zake, na mwenye jahazi la mashindano akihama bandari alikuta vipimo vingine. Mwaka 1907 mataifa ya Ulaya yalikutana Paris kwa shida hiyohiyo, na kutokana na hapo kikazaliwa chama cha kimataifa ambacho sasa ni World Sailing. Chama hakikuanzishwa kutoa fedha. Kilianzishwa kwa sababu kuna vitu ambavyo havina maana mpaka vilabu vyote viwe navyo kwa namna moja.

Mfano mmoja tuliuonja Novemba, katika msimu wa upepo wa matlai, vilabu vitatu vilipokutana Tudor. Tulikuwa na Laser, ambazo siku hizi huitwa ILCA, pamoja na Optimist za watoto. Ukizishindanisha kwa macho, Laser hushinda kila siku na mtoto huchoka. Chama kikatumia hesabu ya Portsmouth, ambayo Waingereza huitoa upya kila mwaka: kila aina ya chombo ina nambari, na muda wake kwa sekunde huzidishwa kwa 1000 ukagawanywa kwa nambari hiyo. ILCA kubwa iko karibu na 1100, Optimist inapita 1600. ILCA ya kwanza ilimaliza kwa dakika 50, yaani sekunde 3000. Gawanya kwa 1100, unapata sekunde 2727, dakika 45 na sekunde 27. Msichana wetu wa Optimist alifika dakika 20 nzima baadaye, watu wakiwa wameshaanza kukunja matanga. Sekunde 4200, kwa nambari ya 1640, zikawa 2561: dakika 42 na sekunde 41. Alishinda kwa dakika mbili na sekunde 46. Ndiye yule aliyechanika kiganja mwezi wa Julai. Alikuwa amekaa kwenye mchanga anakula mhogo wa kukaanga, na ilibidi aelezwe mara mbili.

Sisemi yote yalitengenea. Wazazi wa watoto wawili hawakurudi tena, na siwalaumu. Mwalimu wetu wa zamani aliacha, akiona kwamba tumemtupia yeye mzigo wa siku ile. Katika jambo hilo tulikosea: kamati nzima ndiyo iliyompa kazi tatu, na hakuna aliyesimama mbele ya wazazi kulisema hilo mapema. Nilikwenda kumwomba radhi mwezi wa Oktoba. Alinipokea vizuri, lakini hakurejea.

Boti ya mpira inarudishwa kaskazi likishatulia, na klabu inayofuata kwenye zamu imekwisha kuandika barua. Yetu ya fiberi ina mpira mpya wa mafuta, na kila siku ya mazoezi hukimbizwa kwa nguvu mpaka darajani na kurudi kabla kijiboti chochote hakijagusa maji. Ratiba ya maji imebandikwa kwenye mlango wa banda, safu moja ina tarehe za kawaida, ya pili ina tarehe za mwezi mwandamo.

Lililobaki ni la wavuvi. Siku za mashindano wanakaa nje na mashua yao kwa gharama ya mafuta na chakula, wamefunzwa, na wanayajua maji yale kuliko sisi sote, lakini katika chama hawana nafasi. Katiba ya chama inatambua vilabu vya mashua za michezo peke yake. Mashua yao ina mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na tanga, na watu wa Lamu wamekuwa wakishindana kwa vyombo vya namna hiyo katika sherehe za Maulidi tangu kabla ya yeyote kati yetu kumiliki Optimist. Tumewasilisha hoja kwamba vikundi vya wavuvi wa tanga vipokelewe kama wanachama kamili wenye kura, ada yao ilipwe kwa siku za uokoaji. Hoja imo kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa mwezi wa Machi, nambari ya mwisho, chini ya mengineyo. Nimeandika kuomba ipandishwe iwe ya kwanza, na nahodha amekubali kuja kuisemea mwenyewe, mradi mkutano usiwekwe siku ya bamvua.